Uyoga Niliouchuma kwenye Stuli Zako

Akoth nyathina, mtoto wangu,

Umeenda Kombewa kumuaga Dani, nyanya yako, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Mimi niko hapa nje karibu na pipa. Maji yameanza kuchemka sasa hivi, na unajua moto wa pipa hauachwi, lazima mtu akae nao mpaka magugu ya kulishia uyoga wangu yaive. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika na sina mahali pa kukimbilia. Karatasi hii nimeichana katikati ya daftari la kwaya. Ni ya tatu. Mbili za kwanza zimeingia motoni.

Mambo ya sweta na ya kutoacha simu ovyo sitayaandika. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mathe, hata redio hurudia tangazo mara tatu tu." Nilicheka. Lakini nilikuwa nayarudia kwa sababu kuna jambo jingine limenikaa kooni, na kila nikifungua mdomo nilitoe, linatoka sweta.

Jumatatu, kwenye hiyo karakana ya Nairobi, watamuuliza kila mmoja wenu ameleta nini. Ulinieleza wewe mwenyewe. Kila kijana anachagua kitu kimoja cha kulisha uyoga wake, anakaa nacho mwaka mzima, na mwaka ukiisha anaonyesha chombo ambacho mtu anaweza kukiweka nyumbani kwake. Juzi uliacha daftari lako mezani. Mimi si msomaji wa haraka, unanijua, nafuata kwa kidole, lakini ukurasa huo haukuwa na maneno mengi. Uliandika: Maranda ya mbao, ndiyo. Chini yake: Magugu ya ziwa, hapana. Na hiyo hapana umeipigia mstari mara mbili.

Akoth, magugu hayakuwa na kosa. Na wewe hukuwa na kosa. Zile stuli za hoteli ziliharibiwa na mimi.

Nimeiandika. Ngoja niongeze kuni.

Nimerudi. Kila pikipiki ikipita barabarani nadhani ni wewe, naficha karatasi chini ya leso kama mwanafunzi. Acha nianze mbali kidogo, nipate nguvu.

Unaukumbuka ule mfuko wa uyoga niliousahau nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa nimeshavuna, nikautupa hapo na mabua yake ya mahindi, mvua ikaja ikaenda. Ulipouchana, mabua yalikuwa yameshikana yakawa kama tofali jeupe. Ulilipiga ukutani. Ukalikanyaga. Halikuvunjika. Mimi nikalichukua likawa la kuzuia mlango usipigwe na upepo, na nikaona nimepata faida. Wewe ulilitazama siku mbili, halafu ukaniambia hicho ni kiti, ni taa, ni boksi la kufungia vyungu visivunjike njiani, ni ubao wa dari. Nilimwambia baba yako mtoto ana homa.

Halafu siku moja kuni zililowa nikalitia lile tofali jikoni. Likawa jeusi kwa nje, likatoa moshi kidogo, moto ukakataa. Uliporudi nilianza kujitetea kabla hujauliza. Ukalitoa kwa koleo, ukaligeuza, ukaanza kucheka. "Mathe, umenifanyia jaribio la moto na hujui." Ukaandika kwenye daftari: Mama ametia jikoni, haikushika. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniandika kwa jambo jema. Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi ukiwa hauko.

Ni wewe uliyenifundisha. Zile nyuzi nyeupe mimi nilikuwa naziita mizizi. Ukasema, "Si mizizi, Mathe. Huo ndio uyoga wenyewe. Ule tunakula ni tunda tu. Uyoga unakaa ndani, unakula magugu na kuyafunga pamoja mpaka yanakuwa kitu kimoja. Ukiacha tunda litoke, nguvu yote inaenda kwa tunda." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kweli. Hapo ndipo panaponiuma, kwamba siwezi kusema sikujua.

Basi ile hoteli ya kando ya ziwa ikataka stuli kumi na mbili za veranda. Meneja wao alikuwa ameona taa uliyoikuzia kwenye beseni langu la kufulia. Ulikusanya magugu ufukweni wiki nzima, ukayakausha juu ya mabati, ukayakata, ukayachanganya na makapi ya mpunga kutoka Ahero, kila kiasi umekipima kwa kile kikombe cha bluu. Baba yako akachomelea oveni kutoka kwa pipa kuukuu. Ukatia mbegu, ukashindilia kwenye ndoo kumi na mbili juu ya vibao vyembamba ulivyoviandika nambari kwa penseli, vishikane na stuli kwa chini. Nyumba nzima ilikuwa inanyata. Hata kukohoa tulikuwa tunakohoa nje.

Kabla ziive, Dani akalazwa Kombewa. Mimi nina kibanda cha uyoga hapa Nyamasaria, siku nisipofungua hatuli. Ukasema utaenda wewe ukae naye. Ukanishika mabega yote mawili, kama mimi ndiye mtoto, ukaniambia, "Ukizitoa kwa ndoo, ziache wazi siku mbili tu ngozi ikauke, halafu oveni. Usingoje. Ukiona vichwa vidogo kama vya pini, hiyo si baraka, ni onyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia kazi yako.

Nilizitoa vizuri. Zilikuwa nyeupe, zina harufu ya mvua ya kwanza. Kumi na moja zikatosha mezani, ile ya kumi na mbili ikakosa nafasi, nikaiacha chini ya meza, imefunikwa na kifuniko cha ndoo yake. Siku ya pili asubuhi nikaingia na kuni tayari mkononi. Pini zilikuwa zimetoka. Zile kumi na moja zote, kama upele wa joto kwenye shingo ya mtoto.

Nilikuwa na kuni, Akoth. Oveni ilikuwa hapo.

Nitakuambia kilichonishika, na usikichukue kama sababu ya kunisamehe haraka. Nikiwa mdogo kule Kombewa, mvua ikinyesha tulikuwa tunatumwa kwenye vichuguu alfajiri. Dani alikuwa anasema uyoga haungoji mtu, usipouchuma leo kesho ni wa funza. Kuna misimu ambayo chakula cha jioni kilikuwa hicho peke yake, na aliyepita uyoga bila kuuona aliulizwa maswali mbele ya watu. Mkono wangu haujui kupita uyoga. Nilisimama na stuli ya kwanza kifuani nikifikiria kuitia kwenye joto na uyoga wake mdogo ukiwa hai juu yake, na nikashindwa. Tena jana yake Mama Wanjiru wa kibanda cha pili alikuwa ameniita kwa jina lako mbele ya watu, "Min Akoth, siku hizi unauza hewa? Wateja wako wanahamia kwa sukuma wiki yangu." Nikasema siku tatu tu. Nivune mara moja, halafu nikaushe. Nani atajua.

Nikafungua dirisha. Nikanyunyiza maji asubuhi na jioni. Na nisikudanganye, zilipendeza. Asubuhi ya nne niliingia nikakuta stuli kumi na moja zimevaa kofia, kama wamama wa kanisa Jumapili. Nilichuma mabeseni mawili. Mama Wanjiru alipoyaona alinyamaza, jambo ambalo wewe unajua halitokei. Nikaweka sahani moja kando kwa ajili yako.

Halafu nikaziona stuli. Zilikuwa zimekuwa nyepesi. Nikizibonyeza zinabonyea na kurudi pole pole, kama shavu. Nikakwangua makovu kwa kisu, nikasugua makapi ya mpunga juu yake ili yasionekane, nikazikausha kwa haraka haraka zote pamoja na ile ya chini ya meza. Wakati nasugua nilikuwa naimba, Akoth. Naimba kwa sauti, peke yangu, ili nisijisikie.

Ulirudi umekonda baada ya siku tisa za kulala kwenye kiti cha hospitali. Dani amepona, wewe huna nguvu. Nikakupakulia ugali na ule uyoga. Ukala, ukalamba kidole, ukasema, "Mathe, uyoga wa leo ni mtamu. Umeutoa wapi?"

"Chumba cha nyuma," nikasema.

Ukaomba mwingine.

Siku ya hoteli unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niiandike nilivyoiona nikiwa upande wangu, maana upande wako umeubeba peke yako vya kutosha. Tulizipanga kwenye veranda. Meneja akasema zinapendeza, akamwita mpishi wao, yule mwanaume mwenye kilo zake. "Kaa tuone." Mpishi akavua aproni, akakaa kwa heshima. Stuli ikashuka naye pole pole, bila kelele, kama ugali ulioepuliwa kabla haujaiva, mpaka magoti yake yakawa karibu na masikio. Akatutazama kutoka kule chini.

"Mama, hii ni kiti ama ni mandazi?"

Wahudumu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa woga. Meneja akabonyeza nyingine mbili kwa kidole, kidole kikaacha shimo. Akauliza bila ukali, "Nani ametengeneza?"

Nikasema, "Ni huyu msichana wangu. Bado anajifunza."

Ulikuwa umesimama karibu nami hivi, bega kwa bega. Uliniangalia mara moja. Halafu ukaiangalia stuli, ukaitikia kwa kichwa. "Ni magugu," ukamwambia. "Yana maji mengi. Mimi ndiye nilikosea vipimo." Ulisema kwa adabu sana. Yule bwana akakusifu, eti si vijana wengi wanaokubali kosa lao. Na mimi nikasimama hapo nikiwa mama wa mtoto aliyesifiwa.

Ukikasirika unaosha vyombo. Jioni hiyo uliosha hata vilivyokuwa safi. Ukaniambia nizikatekate zote nizitie shambani ziwe mbolea, hutaki kuziona. Hata hapo, nataka ujue, nilikuwa bado nina pa kujificha. Nilikuwa najiambia pengine ni magugu kweli. Mtoto amesoma, amesema ni magugu, mimi ni nani.

Kesho yake ulipotoka nikachukua panga. Ya kwanza ikakatika kama mkate uliolowa. Ya pili vile vile. Kumi na moja nilizimaliza upesi. Ya kumi na mbili nikaipiga panga likarudi. Nikapiga tena kwa nguvu zote, panga likaruka likakaribia kunitoka mkononi. Nikaigeuza. Chini yake, kwa penseli yako: 12. Ile iliyokuwa chini ya meza na kifuniko. Magugu yale yale, makapi yale yale, kikombe kile kile cha bluu, mkono ule ule. Tofauti yake ni kwamba hiyo sikuivuna.

Nilikaa chini kwenye majani. Ulikuwa umeenda dukani tu, ningekungoja mlangoni nikakuonyesha. Nilisikia hatua zako, nikaifunika na gunia.

Kwa nini, ndilo swali utakaloniuliza, na nimelitafutia jibu miezi minane. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Niliacha kidato cha pili na nikakuta nina mtoto wa mvua, ndiyo maana ya jina lako Akoth, ambaye alipofika darasa la nne alikuwa ananisahihisha nikisoma mahubiri. Tumekua pamoja kama dada wawili, na wewe ukanipita mapema. Sikuona wivu. Lakini ile siku uliponiachia chumba, nilijisikia nimeandikishwa shule tena. Nikaogopa kwamba ukijua, hutaniachia tena kitu chako chochote. Utaninyamazia kwa upole, kama watu wanavyomnyamazia mzazi asiyejua. Hasira yako ningeiweza. Upole huo ndio niliuogopa.

Halafu ukaanza na maranda ya mbao, ukachangamka, taa zikatoka nzuri, wale wa Nairobi wakakuita. Nikasema limepita. Jambo la namna hii halipiti, nyathina. Linasubiri siku unapofunga sanduku.

Na mtu ambaye hakupaswa hata kidogo kukufanyia hivyo ni mimi. Hujui hadithi ya njugu. Nilikuwa na miaka tisa hivi, Dani akanipa mistari yangu mitatu ya njugu nipande mwenyewe. Nilipanda kwa kupima na unyayo. Haikuota hata moja. Dani akaangalia mistari mitupu, akasema mbele ya shangazi zangu, "Huyu mkono wake ni mzito, mbegu inalala." Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo wakati wa kupanda mimi nilikuwa napewa watoto nibebe. Nilipoolewa nilimwambia baba yako nisipande kitu, mkono wangu hauna bahati. Unajua ni miaka mingapi nilinunua sukuma ikiwa nina kiwanja nyuma ya nyumba. Ni mafunzo yale ya uyoga ya chama chetu cha wanawake yaliyoniponya. Nilitia mbegu nikijua haitatoka, na ikatoka, nikakaa chumbani na ule mfuko mapajani nikalia mpaka ukaja kuniuliza nani amekufa.

Baada ya miaka yote hiyo, siku moja tunatoa njugu maganda na Dani, akasema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Ile mbegu niliyokupa wewe ilikuwa kuukuu. Panya walikuwa wameikojolea. Nilitaka tu usinisumbue." Akacheka. Nikacheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba.

Kwa hivyo nilijua. Nilijua mtoto anavyobeba neno kama hilo, na bado nilikuwekea lako begani. Kwangu lilikuwa mkono mzito. Kwako ni hapana yenye mistari miwili.

Sasa naogopa mambo mengi kwa pamoja, sijui nianze na lipi. Naogopa utasema nimengoja hadi siku ya mwisho ili usiwe na muda wa kunikasirikia. Kuna ukweli hapo. Naogopa utafikiri nakuambia ili urudi, maana maranda yako kila mahali, hata Nairobi yanatupwa, lakini magugu ni ya huku. Asubuhi ghuba yote ni kijani, jioni upepo umeyasukuma upande wa Homa Bay, na mtu anayeyataka lazima akae karibu nayo. Nimejichunguza. Pengine nakuambia ili urudi. Lakini ningekuambia hata kama kitu hicho kingekupeleka mbali zaidi, nadhani. Nataka iwe hivyo.

Ukiwa huko Jumatatu na bado ukataka maranda, chukua maranda, kwa sababu unayapenda na yanakutii. Ila usiyachukue kwa kuwa mkono wako ulikosea mara moja. Haukukosea. Na ukifika siku ya kumwachia mtu mwingine kazi yako, maana itafika, huwezi kukuza kila kitu peke yako, usikatae kwa sababu yangu. Mwambie tu achume mbali na stuli.

Nimecheka peke yangu hapo. Moto umenisikia.

Mpango wangu ulikuwa kuikunja barua hii niitie katikati ya zile nguo zako nyekundu, uikute Nairobi ukifungua sanduku, mimi nikiwa huku mbali na uso wako. Nimeipanga hivyo tangu Jumapili. Lakini nimeiandika mpaka hapa na naona huo ni ule ule ujanja wa kusugua makapi juu ya kovu. Baba yako pia hajui, na atakusindikiza kesho asubuhi hadi stendi akidhani ameoa mwanamke mkweli. Nitamwambia akirudi kutoka kazini leo. Pengine atakuwa amesikia kwanza kutoka kwako, sawa.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Lile debe langu la kukalia kule kibandani, lile nililolishonea nguo kwa leso kuukuu. Ulinitania, "Mathe, utalinunulia viatu lini?" Mama Wanjiru naye husema debe langu linavaa vizuri kuliko yeye. Hakuna debe, Akoth. Ndani ni nambari kumi na mbili. Nimeikalia miezi minane, kila siku isipokuwa Jumapili, tangu asubuhi mpaka jua linapoinama. Siku moja Mama Wanjiru alichoka kusimama akaja akajipachika upande wa pili, tukaikalia wawili tukila njugu, na wewe unajua sisi si watu wadogo. Haikusema kitu. Kila siku nilikuwa nakaa juu ya kazi yako nzuri, na kila siku nikikaa nilikuwa najua. Hata sasa ninapoandika niko juu yake, nimeibeba kutoka kibandani hadi hapa. Imepata joto la moto upande mmoja.

Nimesimama. Nimeivua ile nguo. Rangi yake imekuwa kama ya maziwa ya chai, na imeng'aa katikati kwa sababu ya kukaliwa. Ukiigeuza utaona alama mbili za panga, na penseli yako bado inasomeka. Jumatatu wakikuuliza umeleta nini, unaweza kuiweka mezani na kumwomba yule mzito kuliko wote aikalie. Au uiache hapa. Ni yako.

Naiweka mlangoni ambapo huwezi kuingia bila kuikuta, na barua hii juu yake. Mimi nitakuwa hapa hapa kwenye pipa, sitaingia ndani, sitajifanya nina shughuli. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kunyamaza nitangoja, na vyombo viko jikoni, sijaviosha makusudi.

Pikipiki imesimama pale kwenye kona. Nasikia unabishana na mtu kuhusu chenji.

Kaa kwanza, nyathina, ndio uanze kusoma. Haitabonyea.

Mama